L ya Baba Yako

Mwanangu Kabula,

Mimi mama yako nina bahati ya njia. Wengine Mungu kawapa bahati ya ng'ombe, wengine ya watoto wengi, mimi kanipa ya njia. Niliingia Kampala sijui hata neno moja la Kiganda, nikatoka na marobota mawili ya vitenge na mchumba mmoja niliyemkataa kituo cha basi. Kisumu nimelala, Bujumbura nimekula samaki wa mikeke nikalamba na vidole, na kote huko sijapotea hata siku moja. Tena si mimi peke yangu. Kila mtu niliyemwelekeza njia alifika. Nilikuwa namwandikia mgeni karatasi ndogo, pita hapa, pinda pale, na anafika kama barua iliyobandikwa stempu. Pale mtaani Makoroboi walikuwa na msemo: karatasi ya Mama Kabula haipotezi mtu. Msemo huo nilianza kuusema mimi mwenyewe, wao wakanisaidia kuusambaza.

Naandika kwa penseli. Utajua sababu.

Mambo ya sabuni, chandarua na kuficha nauli kwenye soksi sikuandikii, maana shangazi yako kakujazia kurasa mbili. Nimeona kuhusu wanaume ameweka mistari kumi na miwili. Mtu aliyeolewa mara moja tu, mistari kumi na miwili ameipata wapi? Isome tu, usimvunje moyo. Mimi nina jambo moja, na ningependa kukwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ungeanza vizuri, halafu ungetia kichekesho katikati, halafu treni ingeondoka.

Leo mchana ulipokuwa unafunga sanduku ulisema, "Usiwe na wasiwasi, mama. Mimi siyo baba. Mimi nikipewa maelekezo nafuata."

Nilikuwa nimeshika kamba. Palipotaka fundo moja nikafunga mafundo matano. Utapata taabu kuyafungua huko Dar es Salaam, na unisamehe, kwa sababu sikujua mikono yangu inafanya nini.

Sasa turudi nyuma kidogo. Unaikumbuka ile kompyuta ya kwanza, ile iliyokuwa na kioo cha maandishi ya kijani kama bamia? Ulikuwa darasa la tano. Mzungu wa mradi wa maji alikuwa anarudi kwao, anauza kila kitu mpaka mapazia. Wenzangu wote wakakimbilia friji. Mimi, mwanamke wa darasa la saba, nikaikimbilia kompyuta. Walinicheka! "Mama Kabula, utaipikia nini hiyo?" Nilikuwa nimechoka kubeba vitenge, na kila mtu mjini siku zile alikuwa anafungua biashara, na kila biashara inataka barua, na barua inataka kuchapwa. Nikafungua kibanda: mashine moja, stensili, mashine ya kudurufu inayotema wino kama inaumwa kifua. Baba yako alikuwa ametoka kupunguzwa kazi kule kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akaja kukaa nami pale, akawa mtu wa kupeleka kazi kwa wateja. Hakulalamika. Mwanaume mwingine angeona aibu kutumwa na mke wake. Yeye alisema, "Nilikuwa natumwa na mnyapara aliyenuka miguu. Wewe angalau unanukia."

Ndani ya mashine ile yule mzungu alisahau mchezo. Wewe uliuita mchezo wa Mtiifu, kwa sababu jina lake lilikuwa la Kiingereza na hakuna aliyeweza kulitamka. Kijitu kidogo cha kijani, kina kofia, kimebeba mzigo kichwani. Kinataka kufika mlangoni. Katikati kuna kuta, kuna njia panda, kuna maji. Lakini huwezi kukiendesha kama baiskeli. Lazima kwanza uandike safari nzima kwa herufi, hatua kwa hatua: nenda, nenda, pinda, nenda. Ukimaliza unabonyeza kitufe kikubwa, na hapo mikono yako imefungwa. Kinaanza kutembea. Kama umekosea, utaliona kosa lako linakuja kutoka mbali kama mvua ya ng'ambo ya ziwa, na huna la kufanya.

Nilikuwa napiga kelele. Unakumbuka? "Simama wewe! Maji hayo! Huoni?" Na kijitu kinaenda, hakina wasiwasi, mzigo kichwani, chubwi majini. Kofia inabaki inaelea. Mashine inalia pii.

Baba yako alikuwa ananiambia taratibu, "Hasikii, mama Kabula. Ulishamtuma."

Nimecheza karata, nimecheza bao na wazee wa kwetu nikawafunga wakasema nina dawa. Hakuna mchezo ulionikera kama ule, na hakuna ulionishika kama ule. Kwenye karata utasema umepewa karata mbaya. Kwenye bao utasema mwenzako kaiba kete. Pale hakuna. Kijitu kimefanya ulichoandika. Si ulichokusudia, ni ulichoandika. Unakasirika, unataka kuipiga mashine kofi, halafu unahesabu herufi zako kwa kidole na kulikuta kosa limekaa pale linakutazama, na ni lako, na unatabasamu kama mjinga na kuanza tena. Na ukipatia! Kijitu kinafika mlangoni, kinavua kofia, na wewe unajiona umeumba ulimwengu. Wateja walikuwa wanasubiri barua zao, mimi na baba yako tunashangilia kama tumeoana upya.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya herufi L. Siku ile ya kwanza baba yako alisema, "Njia iko kulia. Bonyeza L, L ya kulia." Nikabonyeza. Kijitu kikapinda kushoto, kikaingia majini. Tukarudia, majini. Baba yako akasema mashine ni mbovu, turudishiwe hela. Ndipo yule fundi wa redio wa jirani alipokuja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, hiyo L ni ya Kiingereza. Kwao ndiyo kushoto. Kulia ni R."

Baba yako akainua mkono wake wa kulia, akamwonyesha. "Mkono wa kulia ugali ni huu hapa. L. Kama Waingereza wanalia kwa kushoto, hiyo ni shauri yao na mama zao hawakuwafunza. Na hiyo R, kwetu R na L ni watoto wa tumbo moja, hata mashuleni walishindwa kututenganisha."

Hakubadilika. Akanunua daftari, akawa anachora vyumba vya mchezo kwa penseli na kuandika safari kwa herufi zake: L ni kulia, S ni kushoto. Yeye akiandika, mimi nachapa. Akiandika L, kidole changu kinakwenda R. Akiandika S, kinakwenda L. Nilikuwa mkalimani kati ya mume wangu na mashine, na nilijivuna. Wewe ulikuwa umekaa juu ya boksi la stensili unafanya hesabu zako, unatucheka. Vyumba vilikuwa arobaini. Tulifika cha arobaini mwezi wa kumi na moja tukakwama, kila siku kofia inaelea. Mimi nilikuwa naota herufi. Naosha vyombo, nahesabu hatua. Naenda sokoni, kichwani nasema: nenda, nenda, L. Na L ya kichwani mwangu, Kabula, ilikuwa imeshakuwa ya mashine. Hapo sikujua.

Nimesita. Nimekunywa maji. Naendelea.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya huko mbele ya Magu aliniletea mitihani ya kufunga muhula nichape na kudurufu. Alisema mtu atakayeileta afuate njia hii: ashuke Magu, atembee mpaka njia panda yenye mashine ya kusaga, ashike kushoto, atakuta mto, mto una daraja la mbao, shule iko ng'ambo. Rahisi. Siku ya kupeleka nilikuwa nimekaa kwenye kioo tangu asubuhi, namalizia mtihani wa hesabu wa darasa la nne. Baba yako kasimama mlangoni, boksi limefungwa nailoni, basi linataka kuondoka. "Niandikie njia," akasema. Nikachana karatasi kwenye lile daftari letu, nikaandika haraka. Neno kushoto nililisikia kichwani kabisa, sauti ya yule mwalimu. Mkono ukaandika L.

Akaisoma. Akasema, "Mvua imenyesha siku tatu huko. Nikifika nitauliza watu."

Mimi nikacheka. Nilikuwa na mteja mbele yangu na nilitaka asikie. Nikasema, "Usiulize mtu, watakupoteza bure. Karatasi ya Mama Kabula haipotezi mtu."

Akasema, "Haya, bosi." Akapiga saluti. Ndiyo mara ya mwisho kumwona amesimama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapokudai masikio. Kwenye ile njia panda, kushoto kuna daraja. Kulia kuna njia ya zamani ya kuvushia ng'ombe, inashuka mto uleule, lakini hapo hapajawahi kuwa na daraja tangu dunia iumbwe. Baba yako alisoma L kama alivyoisoma maisha yake yote. Alishika kulia.

Mama mmoja muuza maziwa alikuwepo ukingoni, anangoja maji yapungue. Nilimtafuta baada ya arobaini, bila kumwambia mtu. Aliniambia hivi, na nimeyashika maneno yake kama Baba Yetu:

"Nilimwambia, 'Baba, subiri, maji haya leo hayana adabu.' Akatua boksi, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akaisoma tena. Akasema, 'Imeandikwa nikifika mtoni nisiogope, niende mbele, daraja lipo. Basi lipo, limefunikwa na maji tu.' Nikamwambia, 'Baba, mimi nimezaliwa hapa, daraja silijui.' Akacheka, akasema, 'Mke wangu hakosei njia, mama.' Akapandisha boksi kichwani, akaingia."

Nikamuuliza, "Alikuwa amekunywa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Alisimama karibu na mimi kama wewe ulivyosimama. Alinuka sabuni ya kufulia."

Umesikia, Kabula? Sabuni.

Pale msibani baba yako mkubwa ndiye aliyesema kwa sauti, mbele ya ndugu wote, kwamba pombe ya Magu ndiyo iliyommaliza, kwamba alipewa maelekezo kwenye karatasi akashindwa hata kuyafuata. Watu wakaguna. Wakasema ndiyo, Masunga alikuwa anapenda glasi ya Jumamosi. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pangu, mgongo wako umegusa goti langu. Nilihisi mgongo ule unakakamaa. Nilikuwa na karatasi yenyewe, walinipa pamoja na nguo zake. Ilikuwa ndani ya blauzi yangu, mbichi bado. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne: nilikosea mimi, siyo yeye. Mimi ninayeongea mpaka kasuku wa jirani akanyamaza, nilikaa kimya. Nikajiambia nitasema wakiondoka. Wakaondoka. Nikajiambia nitasema ukikua kidogo. Ukakua kidogo, kisha ukakua sana, na kila mwaka lile jambo lilikuwa zito zaidi kulinyanyua.

Nilikuona unavyomfuta. Daftari zako za sekondari uliandika Kabula peke yake, jina lake ukaliacha. Siku ya kupalilia kaburi kila mara una homa. Kijana akikuletea hata soda unanusa chupa. Watu wananisifu, wanasema binti yako ana msimamo, na mimi naitikia, "Marahaba, nimemlea." Nimekulea kwa kumwibia baba yako jina.

Kuna siku pale mtaani mgeni alikuuliza posta ni wapi, ukamwambia amuulize mama, na mimi nikamjibu, "Mimi ni mgeni hapa." Ulinitazama sana. Ukaniuliza njiani, "Mama, umezaliwa Mwanza, unasemaje mgeni?" Nikakwambia nilikuwa namtania. Sikuwa natania. Tangu siku ya ile karatasi sijamwelekeza mtu hata chooni. Nikifika njia panda yoyote, hata hii ya kwetu Kiseke ninayoipita kila siku, nasimama kwanza, nainua mkono ninaolia ugali, nautazama, ndipo napinda. Watu wanadhani nasali.

Na ule mtihani, Kabula. Boksi lilikutwa limenasa kwenye matete, nailoni haikupitisha hata tone. Watoto wakafanya mtihani wao juma lililofuata. Swali la saba nililichapa asubuhi ileile, nalijua kwa moyo: mtu anatembea kilomita tatu kwa saa moja, safari yake ni kilomita sita, ameondoka saa nne, je, atafika saa ngapi? Kuna siku naamka nalijibu. Saa sita, nasema. Saa sita. Nimekaa kitandani nangoja saa sita.

Baada ya kutoka kwa yule mama wa maziwa niliuwasha mchezo siku moja tu. Nikafungua daftari la baba yako, nikakuta safari ya chumba cha arobaini. Aliiandika kabla ya kuondoka, na chini yake kachora kofia imevuliwa, maana yake alikuwa na uhakika. Nikaichapa vilevile kama alivyoiandika, herufi kwa herufi, sikutafsiri. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mashine imsikilize yeye kwa mara moja bila kupitia kwangu. Kijitu kikatembea, kikatembea, kikafika penye maji. Nikasema, "Simama." Kikaingia. Kofia ikaelea. Na nikasikia, Kabula, Mungu shahidi, nyuma ya bega langu: ulishamtuma.

Kwenye mchezo unabonyeza kitufe na anarudi mwanzo, mkavu, mzigo kichwani, anakungoja. Hana kinyongo. Nilikibonyeza kitufe kile mara nyingi sana siku ile. Halafu nikazima, na sikuuwasha tena.

Sina ushauri mkubwa. Sisi wenye shule nusu tukishauri tunatoa methali, na methali zote nilizonazo ni za kuchekesha watu. Unakwenda kujifunza kompyuta. Watakufundisha kwamba mashine inafanya unachoandika siyo unachokusudia, utapata maksi, na utaona umejua. Mimi ninachojua ni kwamba mtu naye yuko hivyo akikupenda. Ndiyo maana naogopa kukupa maelekezo. Ukiwa na karatasi mkononi, uliza watu, mama. Hata kama karatasi nimeandika mimi. Hasa kama nimeandika mimi. Na wewe ukimtuma mtu unayempenda, mwache aulize, usicheke mbele ya mteja.

Kwenye bahasha hii kuna vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni ile karatasi. Maji ya mto hayakuifuta, penseli haifutiki kwa maji, na ndiyo maana nami leo nimeandika kwa penseli. Itazame ile L. Hakuna kosa lolote aliloongeza baba yako. Alifuata kila neno. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo kuliko wewe, kuliko mtu yeyote niliyemjua, na ningependa uwe kama yeye, ila ukiweza uwe mbishi kidogo.

Cha pili ni lile daftari, na diski ya mchezo nimeichomeka katikati. Ukipata mashine huko, chapa chumba cha arobaini. Kumbuka L yake ni kulia. Mimi sikuwahi kuichapa inavyotakiwa, nilikosa ujasiri, nilihofia atafika. Ukichapa akifika, niandikie. Asipofika, niandikie pia, lakini nadhani atafika.

Baba yako mkubwa nitamwendea Jumapili baada ya ibada, na wengine wote. Shangazi yako atalia, halafu ataniandikia kurasa mbili. Ukitaka kutonijibu kwa muda, usinijibu. Ila kwenye fomu za chuo, pale palipoandikwa jina la baba, andika Masunga, na uandike kwa herufi kubwa.

Nilianza barua hii nikijisifu kwamba nina bahati ya njia na kwamba kila niliyemwelekeza alifika. Ni uongo. Mmoja hakufika, na aliyemwandikia njia ni mimi.

Mama yako